Kubadilisha tabochaja ya gari la petroli

Kubadilisha tabochaja ni kazi ya ufundi wa magari ambamo tabochaja iliyoharibika huondolewa kwenye injini na nyingine kuwekwa mahali pake. Tabochaja (kwa kifupi: tabo) ni pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, hivyo injini ndogo hutoa nguvu kama ya injini kubwa.

Makala hii inahusu magari ya petroli ya aina ya SUV, na hasa kazi inavyofanyika nyumbani katika maeneo yaliyo mbali na gereji kubwa, kama vile wilaya za Ngara na Biharamulo katika Mkoa wa Kagera, Tanzania. Mtu mwenye uzoefu wa spana anaweza kuimaliza kazi hii bila mitambo mikubwa. Hata hivyo tabo mpya inaweza kufa ndani ya dakika chache za kwanza ikiwa kilichoua ile ya zamani hakikutafutwa na kuondolewa.

## Historia

Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo la kutumia moshi wa injini kusukuma hewa mwaka 1905. Katika miaka ya 1920 teknolojia hiyo ilianza kutumika katika injini kubwa za dizeli za meli.

Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipeleka injini ya ndege yenye tabo juu ya mlima Pikes Peak, jimbo la Colorado, kwenye kimo cha takriban mita 4,300. Alionyesha kwamba injini iliyosaidiwa na tabo haipotezi nguvu mlimani jinsi injini ya kawaida inavyopoteza. Jambo hilo lina maana hadi leo kwa madereva wa nchi zenye milima.

Magari ya kwanza ya abiria ya petroli yenye tabo yaliuzwa Marekani mwaka 1962: Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Huko Ulaya BMW ilitoa gari la 2002 Turbo mwaka 1973. Kati ya magari ya Kijapani yanayofika Afrika Mashariki kama mitumba, Subaru Forester iliyoanza kutengenezwa mwaka 1997 ni maarufu kwa matoleo yake ya tabo. Mengine ni Nissan X-Trail GT, na Toyota Harrier ya kuanzia mwaka 2017 katika toleo lenye injini ya tabo ya lita 2.0.

## Muundo

Tabo ina sehemu kuu tatu:

- Upande wa moto: nyumba ya chuma kizito yenye gurudumu la mapanga liitwalo tabaini. Moshi unaotoka kwenye silinda hulipiga gurudumu hili na kulizungusha.
- Upande wa baridi: nyumba ya aluminiamu yenye gurudumu la kompresa. Gurudumu hili huvuta hewa kutoka kwenye eyaklina na kuibana.
- Kiini: sehemu ya katikati yenye shafti inayounganisha magurudumu mawili pamoja na beringi zake. Oili ya injini hupita humo, na katika magari mengi ya petroli hupita pia maji ya rejeta.

Tabaini hufanya kazi kwa kanuni ileile ya mitambo ya umeme ya Rusumo, ambako maji ya Mto Kagera huzungusha magurudumu ya kituo cha megawati 80 kinachotumiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Tofauti ni kwamba katika gari kinachopita ni moshi wenye joto linaloweza kufikia nyuzi 900 za Selsiasi au zaidi, na shafti huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Hewa iliyobanwa hupata joto, kwa hiyo hupitishwa kwenye kipozahewa (intakula) kabla ya kuingia kwenye injini. Mlango mdogo uitwao westigeti hupitisha moshi wa ziada pembeni ya tabaini ili shinikizo lisizidi kiwango kilichowekwa.

## Kwa nini tabo huharibika

Shafti ya tabo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikosekana hata kwa sekunde chache, chuma hugusa chuma. Sababu kuu za uharibifu ni hizi:

- Kukosa oili. Oili imepungua, pampu ni dhaifu au paipu ya kupeleka oili imeziba. Katika baadhi ya injini za Subaru, bolti inayoshika paipu hiyo ina chujio dogo la wavu ndani yake. Chujio hilo likijaa tope la oili, tabo hukosa chakula hata kama kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imejaa.
- Oili chafu. Oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa hubeba masizi na chembe za chuma zinazokwangua beringi.
- Kitu cha kigeni. Mchanga, kipande cha eyaklina iliyochanika, nati iliyosahaulika au kipande cha plagi huvunja mapanga ya magurudumu.
- Joto. Injini ikizimwa ghafla baada ya kazi nzito, oili iliyobaki ndani ya kiini huungua na kuwa makaa magumu.
- Njia ya kurudisha oili kuziba. Oili ikishindwa kushuka kwenye injini, hupenya kwenye sili na kuingia upande wa hewa au wa moshi.
- Ekzosi kuziba. Masega yaliyoyeyuka au kujaa oili huzuia moshi kutoka. Joto na shinikizo huongezeka nyuma ya tabaini.

## Dalili

Gari lenye tabo mbovu hukosa nguvu, hasa mlimani. Taa ya onyo ya injini inaweza kuwaka, na mashine ya kusomea makosa huonyesha mara nyingi namba P0299, yaani shinikizo la tabo liko chini ya kiwango. Sauti kali kama king'ora inayopanda pamoja na mwendo wa injini ni dalili ya magurudumu kugusa nyumba yake. Moshi wa bluu huonyesha kwamba oili inaungua.

Dalili hizi peke yake hazitoshi kuhukumu tabo. Mpira wa hewa uliopasuka au klempu iliyolegea hupunguza nguvu vilevile. Moshi wa bluu unaweza kutoka kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Westigeti iliyokwama ikiwa wazi nayo huleta P0299. Kwa sababu hiyo tabo huchunguzwa kabla ya kununua nyingine.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, mpira wa hewa unaoingia kwenye tabo huondolewa na shafti hushikwa kwa vidole. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, kwa kuwa shafti nyingi huelea kwenye oili. Kucheza kwa kwenda mbele na nyuma hakupaswi kuhisiwa kwa urahisi. Mapanga yakigusa nyumba, yakiwa yamevunjika au yamepinda, au shafti ikiwa imekwama, tabo hiyo imekwisha.

Kuendelea kuendesha gari katika hali hiyo ni hatari. Injini inaweza kumaliza oili yake njiani, vipande vya chuma vinaweza kuingia kwenye silinda, na oili inayovuja juu ya chuma chenye moto inaweza kuwasha moto chini ya boneti.

## Kupata tabo nyingine

Kila tabo ina kibati au maandishi yenye namba ya kifaa. Namba hiyo ndiyo hutumiwa kuagizia, kwa sababu magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na tabo tofauti. Picha ya kibati hicho inafaa kutumwa kwa muuzaji kabla ya kulipa.

Kuna njia tatu: tabo mpya, tabo ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lingine, au kubadilisha kiini peke yake. Tabo ya mtumba huwa nafuu, lakini inapaswa kukaguliwa shafti na mapanga yake kama ilivyoelezwa juu, na westigeti yake isogezwe kuona kama inafunga sawasawa. Kiini kipya kinapaswa kuwa kimepimwa mizani kwa mashine na mtengenezaji wake. Kwa kasi ya mizunguko 100,000, uzito mdogo usio sawa upande mmoja hutosha kuvunja beringi.

Pamoja na tabo hununuliwa gasketi zote, washa za shaba za bolti za oili, oili ya kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari, chujio la oili, eyaklina na maji ya rejeta. Paipu ya kupeleka oili ni afadhali iwe mpya. Kama inatumika ya zamani, lazima isafishwe hadi ndani na kupulizwa.

## Hatua za kazi nyumbani

### Maandalizi

Gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono hufungwa na magurudumu huwekewa vizuizi. Injini huachwa ipoe kabisa, kisha waya hasi wa betri hutolewa. Kama ni lazima kuingia chini ya gari, gari hukaa juu ya stendi imara. Jeki peke yake inaweza kuteleza na kuua.

Boneti na sehemu ya juu ya injini husafishwa kwanza ili vumbi lisianguke ndani. Kila tundu linalofunguliwa huzibwa papo hapo kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Picha za simu zinazopigwa kila hatua husaidia kukumbuka mpangilio wa mipira na waya.

### Kuondoa

1. Maji ya rejeta na oili humwagwa kwenye vyombo. Oili huchunguzwa: chembe zinazong'aa huonyesha kwamba chuma cha beringi kimesambaa ndani ya injini.
2. Intakula na mipira ya hewa huondolewa. Katika Subaru Forester za vizazi vitatu vya kwanza, intakula iko juu ya injini na tabo iko nyuma upande wa kulia, hivyo kazi kubwa hufanyika kwa juu. Katika magari mengine mengi tabo iko chini na ekzosi huanza kufunguliwa kwa chini.
3. Vibati vya kuzuia joto huondolewa.
4. Nati za ekzosi hupakwa mafuta ya kulainisha kutu na kuachwa kwa saa kadhaa, au usiku kucha, kabla ya kufunguliwa. Kulazimisha nati iliyoshika kutu hukata stadi, na kuitoa stadi iliyokatika kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yote.
5. Paipu za oili na maji hufunguliwa, kisha mpira wa westigeti.
6. Tabo hufunguliwa kutoka kwenye manifodi na kutolewa.

### Kutafuta chanzo

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Paipu ya kupeleka oili hukaguliwa pamoja na chujio lake dogo kama lipo. Njia ya kurudisha oili hupitishwa hewa au kitambaa kuhakikisha iko wazi. Valvu ya kupumulia injini husafishwa au kubadilishwa, kwa kuwa ikiziba shinikizo ndani ya injini huizuia oili ya tabo kushuka.

Intakula na mipira yote huoshwa na kukaushwa. Oili iliyobaki humo itavutwa na injini na kutoa moshi, nayo hufanya mchanganyiko wa petroli kugonga ndani ya silinda. Kama gurudumu la kompresa limevunjika, vipande vyake hutafutwa hadi vipatikane. Masega hukaguliwa kama yameziba. Ikiwa oili ilikuwa na chembe nyingi za chuma, sampu hushushwa na kusafishwa, na mdomo wa pampu ya oili hukaguliwa.

### Kufunga

Nyuso za kukutania husafishwa bila kuacha mabaki ya gasketi ya zamani. Gasketi mpya hutumika kavu. Silikoni haitumiki kwenye njia za oili za tabo, kwani kipande kinachomenyeka huziba tundu jembamba na kuua tabo mpya.

Kabla ya paipu ya oili kufungwa, oili safi humiminwa kwenye tundu la juu la kiini huku shafti ikizungushwa taratibu kwa vidole. Bolti hukazwa kwa mkono kwanza, zote, kisha kwa spana ya kupimia nguvu kufuata vipimo vya mtengenezaji wa gari. Mipira na klempu hufungwa mwishoni, na idadi ya vitambaa vilivyozibia matundu huhesabiwa ili kisibaki kimoja ndani.

### Kuwasha mara ya kwanza

Oili mpya na chujio jipya huwekwa, na rejeta hujazwa maji yake. Fyuzi ya pampu ya petroli hutolewa ili injini isiwake, kisha stata huzungushwa kwa vipindi vya sekunde 10 hivi hadi taa ya oili izimike. Hapo oili imeanza kufika.

Fyuzi hurudishwa, injini huwashwa na kuachwa silensa kwa dakika chache bila kukanyagwa. Uvujaji wa oili, maji na moshi hutafutwa kwa tochi. Moshi mwepesi kutokana na oili iliyobaki kwenye ekzosi unaweza kuendelea kwa muda, lakini unapaswa kupungua. Injini ikishapoa, kiwango cha oili na maji hupimwa tena. Safari za kwanza hufanywa bila mzigo mzito. Kama oili ya zamani ilikuwa chafu sana, oili mpya hubadilishwa tena mapema.

## Mazingira ya Ngara na Biharamulo

Wilaya hizi mbili ziko kwenye njia kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi. Barabara hupita Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, kisha huendelea takriban kilomita 92 hadi mpaka wa Rusumo wilayani Ngara, na tawi jingine huelekea mpaka wa Kabanga. Kutoka huko hadi maduka ya spea ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Spea iliyokosewa namba humaanisha siku kadhaa za kusubiri basi, gari likiwa limefunguliwa.

Milima ya Ngara hufikia kimo cha takriban mita 1,800. Hapo shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano likilinganishwa na pwani. Tabo hufidia upungufu huo, lakini kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Kwa mfano, ili kufikisha shinikizo kamili la bari 1.8 ndani ya injini, kompresa iliyoko Dar es Salaam hubana hewa takriban mara 1.8, wakati ile iliyoko Ngara hulazimika kuibana mara 2.2. Kwa hiyo tabo dhaifu ambayo haikuonyesha dalili pwani inaweza kujulikana kwa mara ya kwanza kwenye mwinuko wa kutoka Rusumo kuelekea Benaco.

Wakati wa kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, barabara za vijijini zisizo na lami hutoa vumbi jekundu laini. Eyaklina hujaa mapema kuliko muda ulioandikwa kitabuni kwa matumizi ya barabara za lami. Kuipiga eyaklina ya karatasi chini ili kuondoa vumbi, au kuipuliza kwa nguvu, huweza kuichana, na mchanga unaopita hapo hula mapanga ya kompresa kidogokidogo.

Kazi inayofanyika chini ya mti au kwenye gereji bubu inahitaji kinga dhidi ya vumbi hilo. Wengi hufanya kazi asubuhi kabla upepo haujaanza, ardhi ikiwa imenyunyiziwa maji, na sehemu zilizofunguliwa zikiwa zimefunikwa kwa turubai safi.

Oili chafu haimwagwi ardhini wala karibu na visima, migomba au vijito vinavyoshuka kwenye mito Kagera na Ruvubu. Maji ya rejeta yenye kemikali ya kuzuia kutu yana sumu, na ladha yake tamu huvutia mbuzi, mbwa na hata watoto. Huwekwa kwenye chombo chenye kifuniko na kuhifadhiwa mbali nao.

## Kutunza tabo

- Oili hubadilishwa kwa wakati, na mapema zaidi kwa gari linalofanya kazi kwenye vumbi na milima.
- Kiwango cha oili hupimwa kila wiki na kabla ya safari ndefu.
- Injini baridi haikanyagwi kwa nguvu. Oili huhitaji muda kufika kwenye kiini.
- Baada ya kupanda mlima au kuvuta mzigo, injini huachwa silensa kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa.
- Eyaklina hukaguliwa mara kwa mara wakati wa kiangazi, na hubadilishwa ikichanika.
- Sauti mpya au moshi mpya huchunguzwa siku hiyohiyo. Mpira uliopasuka hugharimu kidogo. Tabo iliyovunjika ikapeleka vyuma kwenye silinda hugharimu injini nzima.